Nani atamnyang'anya yule bwana kalamu nyekundu?!!

Mkaazi_wa_Langoni
Wana Amu (Lamu) mnamjua. Simtaji. Asiyemjua aende akaketi uwanjani Mkunguni robo saa tu, atasahihishwa hadi salamu.

Leo baada ya Alasiri kapita mlangoni pa nyumba moja ya wageni akakuta tangazo la watalii: "We fast from dawn to sunset. Please do not eat in the street." Kiingereza safi, hakina ila. Bwana katoa kalamu yake, kachomeka "are". WE ARE FAST FROM DAWN TO SUNSET. Wallahi! Yaani mji mzima tuna mbio toka alfajiri hadi magharibi, ikiadhiniwa tunapoa.

Alipoulizwa, akajibu mbele ya kadamnasi: "Fast ni kivumishi. Neno moja, kazi moja." Neno moja kazi moja! Kiingereza hiki hiki ambacho "round" peke yake inafanya kazi tano? "A round table" kivumishi, "the final round" nomino, "round the headland" kitenzi, "gather round" kielezi, "round the corner" kihusishi. Herufi zile zile, hakuna hata kiambishi kilichohama.

Neno lao linapewa kazi na majirani zake. "We" ikitangulia na hakuna kitenzi kingine, "fast" ndiyo kitenzi. Jaribu kulipeleka jana: "we fasted". Limekubali -ed, kwisha maneno. Likikaa kati ya "a" na "boat" ni kivumishi. "Drive fast" ni kielezi, na hapo halitaki -ly, "fastly" ni uzushi. "Break the fast" ni nomino. Na hiyo "breakfast" anayowasahihishia watu kwenye menyu, anadhani ni kuvunja mbio?

Na wino wenyewe haufutiki. WE ARE FAST. Watalii wanapiga picha. Mmoja kauliza mashindano yanaanza saa ngapi.

PundaMbishi
😂😂 Mwambieni yanaanza baada ya daku. Punda wamejitoa, wamesema hawawawezi.

Nahodha_Mstaafu
Kwenye chombo tunasema "make fast the rope", ndiyo kuifunga kamba gatini. Maana ya zamani ya "fast" ni imara, kitu kilichoshikwa kisiachie. Kufunga kwa Ramadhani kumetoka huko huko, kujishika. Mbio zimekuja baadaye. Kwa hiyo bwana wa kalamu kafuta mkubwa akamweka mdogo.

Mpeni hii atoe jasho: "The old man the boats." Najua atatia "and". Hapo "the old" ni wazee, na "man" ni kitenzi, kuwa mabaharia wa chombo. Ukisoma "the old man" kama mzee mmoja, ukifika "the boats" umeshapanda mwamba.

Mkaazi_wa_Langoni
Asante nahodha. Mimi bado niko kwenye ile "are". WE ARE FAST jamani!

Kimya_Kingi
Tumesikia, si lazima uirudie kila ujumbe. Na usijifanye Kiswahili ni malaika. "Vitabu vizuri" kivumishi, "anaimba vizuri" kielezi. "Kuimba kwake" nomino hiyo, "ataka kuimba" utaiitaje? Tumwachie bwana wa watu.

Mkaazi_wa_Langoni
Vizuri ina vi- yake, mtu anaiona. Pika, mpishi, upishi, mapishi, kila mmoja kavaa kanzu yake. Kiingereza zamani nacho kilikuwa na miisho: kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, "lufu" (upendo) ilikuwa nomino na "lufian" kitenzi. Miisho ikadondoka, zikabaki "love" na "love". Ndiyo sababu mpangilio wa maneno ukabeba mzigo wote. Sasa mtu anayevuruga mpangilio kwa kuchomeka "are"...

Kimya_Kingi
Kairudia tena 😂

Msomaji_wa_Usiku
Si wa kwanza kulalamika huyo. Mwaka 1789 Benjamin Franklin, mwanasiasa wa Marekani, alimwandikia mtunga kamusi Noah Webster kwamba amechukizwa na watu kugeuza "notice", "advocate" na "progress" kuwa vitenzi. Leo nani anashtuka? Kalamu nyekundu ilishashindwa zamani.

Ila kuna jambo wengi hulikosea. Kitenzi kilichozaliwa na nomino hupenda -ed hata kama kina pacha wake mkorofi. Chukua "ring": kengele ikilia jana, "rang". Askari wakiuzunguka mji kama pete, "they ringed the town". Ukiandika "rang the town" umeupigia mji simu.

Mkware_wa_Malindi
Nyinyi mna wa kalamu, sisi Malindi tuna wa kipaza sauti. Kila harusi: "We now PREsent the bride!" Bibi harusi kawa zawadi. Nomino mkazo mwanzo, PREsent, REcord, PERmit. Kitenzi mkazo mwisho, preSENT, reCORD, perMIT. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno la silabi mbili tunalipiga kichwani bila kufikiri. Na msiifanye sheria ya kila kitu, "report", "reply" na "support" hazihamishi mkazo, ziwe nomino au kitenzi.

Afadhali Kiitaliano cha watalii wa ufukweni, kila neno na mwisho wake.

Bi_Kiwandeo
Kiitaliano kipi? "Il lavoro" ni kazi, "io lavoro" ni nafanya kazi. Tofauti iko wapi? Huyo wa kipaza sauti ana makosa mabaya zaidi: "use" na "house" zikiwa nomino ni s, zikiwa vitenzi ni z. Yeye zote s. "Close" naye vivyo hivyo, karibu ni s, kufunga ni z.

Mkware_wa_Malindi
Bi, ukimsema na hilo bango la shule ya udereva lisemwe: DRIVING LICENSE, PRACTISE GROUND. Kapatia wapi huyu?

Msomaji_wa_Usiku
Hakupatia popote. Tunaandika Kiingereza cha Uingereza: nomino c, kitenzi s. Leseni ni "licence", kiwanja cha mazoezi ni "practice ground". Marekani leseni ni s popote, mazoezi ni c popote. Yeye kachukua s ya Marekani kwenye leseni, kisha s ya kitenzi kwenye nomino. Ukisahau, kumbuka "advice" na "advise", hizo sikio linakwambia.

PundaMbishi
Fundi wa bango anatoza kwa herufi au kwa futi?

Mkware_wa_Malindi
Kwa herufi, na rangi ya mafuta unanunua mwenyewe. Ndiyo maana hakubali kurudia.

Bi_Kiwandeo
Wangu kachukua malipo ya awali, kaandika neno la kwanza, hapokei simu. Kuna anayemjua fundi mwingine huko? Hata akikosea s, amalize tu.

PundaMbishi
Bi, njoo inbox.