Sabufa, spika za USB au Edifier ya mtumba: ipi inafaa kuhariri sauti za kwaya?

Mkazi_wa_Changombe
Wakuu, habarini. Nahariri video za kwaya hapa Dodoma kwa kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell OptiPlex, na mpaka sasa nasikilizia hedifoni. Nataka spika pamoja na saundikadi (kile kifaa cha nje cha kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta), bajeti yangu laki mbili na nusu kwa vyote.

Nina njia tatu. Sabufa ya 2.1, yaani spika mbili ndogo na boksi moja la besi, ya madukani hapa mjini. Au spika ndogo za USB, mfano Creative Pebble, pesa inayobaki ninunue Behringer UCA222. Au nivizie Edifier R1280T, spika mbili za mezani, ya mtumba Kariakoo, Dar, na hapo saundikadi nitaisahau kwanza.

Kuna jambo lingine. Nikichomeka spika za kuazima nasikia mlio mwembamba kama wa mbu, na unabadilika kila nikisogeza mausi. Ndiyo sababu ya kufikiria saundikadi. Chumba changu ni cha saruji, juu bati, hakina dari.

fundi_makole
Mkuu, kwanza niambie umechomeka mbele au nyuma. Tundu la mbele linaletewa sauti na waya mrefu unaopita katikati ya mashine, karibu na pawa saplai na diski, na njiani unaokota kila kelele. La nyuma, lile la kijani, limekaa kwenye ubao wenyewe. Jaribu hilo kabla hujatoa hata mia.

Kisha chomeka spika hizohizo kwenye simu isiyo kwenye chaji. Mlio ukikoma, spika ni nzima, tatizo liko upande wa kompyuta. Ukiendelea, hata saundikadi ya bei gani haitakusaidia.

Na usichanganye mlio huo na ule mvumo mzito wa umeme, wa 50 Hz. Mvumo mara nyingi unatokana na athi (waya wa ardhi), pale kompyuta na spika zinapokutana kwa njia mbili. Saundikadi ya USB inaweza isiuondoe, maana waya wa USB nao unapitisha athi. Anza kwa kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja.

Binti_Ilazo
Nitetee sabufa kidogo, maana humu huwa inasemwa vibaya. Nyumbani inafanya kazi nyingi: redio, flashi, bluututhi, rimoti, na ikiharibika fundi wa mtaa anaifungua. Kwa familia, naipendekeza bila kusita.

Ila kaka, kazi yako ni nyingine. Mimi nasoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), natumia Pebble na laptopu. Umeme ukikatika naendelea, kwa sababu zinakula USB tu. Maneno yanasikika safi, sauti ya mwalimu naipata kila neno. Besi ndiyo haipo ya kutosha. Sauti ya nne ya kwaya utaisikia ikiimba, lakini uzito wake utakuwa unaukisia. Na kwako faida ya umeme kukatika haipo, kompyuta ya mezani nayo itakuwa imezimika.

Mwana_Chamwino
Mimi narekodi ngoma za Kigogo, nawaambia ninachokijua kutoka huko. Ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole, ina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, ndiyo maana kila noti ina ule mtetemo wake wa pembeni. Mtetemo huo ni sehemu ya muziki, si hitilafu. Kwenye sabufa nyingi nilizosikiliza, ngoma ya muheme ikianza kupigwa besi inafunika kila kitu na ilimba inapotea. Mhariri asiyeusikia mtetemo atadhani sauti imekwaruza, ataufuta. Hilo linaniuma sana, maana kazi ya mpigaji inaharibiwa na mtu mwenye nia njema.

Kijana, nenda dukani na rekodi ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, kwenye flashi au simu. Ukisikia vidole vyake kwenye ilimba na sauti yake ya juu bila kimoja kumeza kingine, spika hiyo inafaa hata kwa kwaya.

fundi_makole
Naongeza la wati. Boksi likiandika maelfu ya wati PMPO, namba hiyo haina maana yoyote ya kununulia. Tafuta RMS, yaani wati ambazo spika inazitoa mfululizo. Logitech Z313 ni sabufa pia, na RMS yake ni wati 25. R1280T ni 42. Chumba kimoja hakihitaji zaidi.

Katibu_wa_Kwaya
Saundikadi ina maana kwa anayerekodi. Sisi kanisani tunatoa sauti kwenye mixer kwa waya za RCA (zile za plagi nyekundu na nyeupe), zinaingia UCA222, zinafika kwenye laptopu moja kwa moja. Kwa kazi hiyo kifaa hiki kidogo kinatosha: ubora wake wa kurekodi ni biti 16, 48 kHz. Lakini hakina sehemu ya kuchomeka maiki kubwa ya XLR. Kama wewe unaletewa faili zilizokwisha kurekodiwa, spika ndiyo kwanza.

Mkazi_wa_Changombe
Mzee Mwana_Chamwino, shikamoo, na asante sana. Sikuwahi kuwaza hilo la ilimba.

Fundi, nilikuwa nimechomeka mbele. Nimehamia nyuma, mlio umeisha kabisa nikiweka sauti ya kawaida. Faili naletewa, sirekodi mwenyewe. Basi saundikadi naiacha, pesa yote iende kwenye Edifier. Nitapanda SGR niende kuipima mwenyewe. Niangalie nini?

Mwana_Chamwino
Marahaba. Ukishaipata, usiibane kwenye kona, besi itavimba. Twita, zile spika ndogo za sauti kali, ziwe usawa wa masikio. Na ukutani tundika pazia zito au hata blanketi, maana saruji tupu inarudisha sauti na utahariri mwangwi wa chumba chako.

fundi_makole
Angalia lebo ya nyuma kwanza. Iandike 220–240V. Ikiwa ni ya 120V peke yake, kama inavyoweza kuwa iliyotoka Marekani, ukiichomeka hapa inaungua.

Amplifaya imo ndani ya spika ya kulia, ya kushoto inapata sauti kwa waya kutoka kwenye hiyo. Zungusha vitufe vyote vitatu vya ubavuni, sauti, besi na trebo, huku muziki unapiga. Vikikwaruza ni vumbi, husafishika, omba punguzo. Kisha weka sikio karibu na kila twita, moja moja. Bonyeza koni ya spika kubwa taratibu kwa vidole: ikisugua ndani, iache. Mpira wa kuizunguka usiwe na ufa.

Haina bluututhi, inaingia kwa RCA, kwa hiyo hakikisha unapewa waya wa RCA kwenda jeki ya 3.5 mm. Ukikosa, madukani upo.