Tani 3 za mahindi kutoka Kiryandongo, Uganda, hadi Busia ya Kenya: tunahitaji karatasi gani?

NafakaKiryandongo
Habari wakuu. Kikundi chetu kina magunia 30 ya kilo 100, na mnunuzi yuko Busia upande wa Kenya. Mmoja anatuambia mazao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hayatozwi ushuru, mwingine anasema tutatozwa. Ukweli ni upi? Unyevu ni asilimia 18 sasa.

KaratasiZaMpakani
Ndugu, wote wawili wako sawa. Msamaha unafuata asili ya bidhaa, na asili huthibitishwa kwa cheti. Bila cheti, mahindi yenu yanahesabiwa kama yametoka nje ya Jumuiya, na huko ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa mahindi ya nje ni asilimia 50.

Mzigo usiozidi dola 2,000 unatumia cheti cha asili kilichorahisishwa. Kinajazwa palepale mpakani, afisa wa forodha anatia sahihi na muhuri, na hakilipiwi. Gawa dola 2,000 kwa kilo 3,000: ni karibu senti 67 za dola kwa kilo. Bei yenu ikiwa chini ya hapo, kinawatosha. Ikizidi, ombeni cheti kamili URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda) kabla ya kupakia; msiugawe mzigo mmoja vipande ili upite, mtakamatwa.

Kosa ninaloliona sana ni kudhani cheti hicho kinamaliza kila kitu. Kinaondoa ushuru tu. Cheti cha afya ya mimea kutoka Wizara ya Kilimo bado kinatakiwa. Tena tangu Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa siku chache, ilirudisha biashara kwa masharti: mwingizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha sumukuvu (aflatoxin, sumu ya kuvu), na cheti cha asili kitaje wilaya yalikolimwa. Muulizeni mnunuzi kuhusu usajili wake leo, si lori likiwa njiani.

GhalaKavu
Kwa asilimia 18 msipakie kabisa! Kiwango cha Jumuiya ni unyevu 13.5, sumukuvu jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na aina ya B1 isizidi 5.

Anikeni juu ya turubai, tabaka jembamba, mgeuze mara kwa mara, jioni mfunike. Kama hamna kipimo, tieni mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, mtikise, muache yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita 15. Isipoganda, bado tafuteni kipimo, maana kati ya 13.5 na 15 chumvi haioni.

Sumukuvu haienei sawasawa: gunia moja linaweza kuwa safi na la jirani limeoza. Chomeni bambo (chuma chenye mfereji cha kuchotea sampuli) katika magunia yote 30, juu, kati na chini, mchanganye, ndipo mpunguze sampuli ya maabara. Konzi moja kutoka gunia la mlangoni haina maana. Na kukausha hakuondoi sumu iliyokwishaingia. Chambueni punje zilizovunjika na zenye kuvu.

MizaniNiKilo
Nyongeza: kutoka 18 hadi 13.5, kila kilo 100 inabaki 94.8. Tani 3 zenu zitakuwa kilo 2,844. Na gunia la Kenya ni kilo 90, kwa hiyo elewaneni bei kwa kilo, baada ya kukausha.