Naombeni ushauri: shimo la kuruka chini shuleni kwetu halifai na mashindano ni Jumamosi ijayo

Mwl_Riadha:
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana usingizi umekata. Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari ndogo, wanafunzi hawafiki mia mbili, uwanja ni mmoja tu, huohuo wa mpira huohuo wa mbio huohuo wa mikutano ya jamii nzima. Jumamosi ijayo tunapokea shule jirani kwa riadha, mara ya kwanza sisi kuwa wenyeji. Mbio sina wasiwasi nazo, shida ni shimo la kuruka chini, mchanga umeshikana umekuwa mgumu na kingo zake ni zege tupu. Mkuu wa shule anasema fungu hakuna. Nifute mchezo huo au tufanye hivyohivyo kwa tahadhari?

Chaki Nyeupe:
Hongera mwalimu. Ushauri wangu kazana na mistari ya mbio, hapo ndo watu wanaharibu. Kila njia iwe na upana wa mita 1.22, na mita 400 usiwapange wote mstari mmoja, wa njia ya pili anaanza mita 7.04 mbele ya wa kwanza. Sisi mwaka mmoja tulikadiria kwa macho, wazazi nusura wakunjane.

Mwl_Riadha:
Asante mkuu ila mistari nimeshachora, naulizia shimo.

Winga Teleza:
Sie tulikuwa tunarukia kwenye majani na hatukufa, watoto wa siku hizi mnawadekeza. Japo mimi nikiwa kidato cha pili goli la chuma lilinidondokea mguuni, halikuwa limefungwa chini, upepo tu ukalisukuma. Mpaka leo nikitembea sana nalisikia. Mwalimu funga magoli yako.

Nesi wa Zamu:
Mwalimu swali moja. Huo mchanga una muda gani hivyo, na kwa nini unakukosesha usingizi wiki hii? Kuna mtoto ameshaumia?

Mwl_Riadha:
Hajaumia sana.

Nesi wa Zamu:
Nani huyo hajaumia sana?

Mwl_Riadha:
Sawa nitasema. Wiki mbili zilizopita binti wa kidato cha pili aliruka mazoezini akatua vibaya, kifundo kikavimba. Zahanati wamemfunga bandeji wakasema ni kuteguka. Kwenye daftari la matukio niliandika kateleza kwenye ngazi, na mama yake anajua hivyohivyo. Kabla hamjanishambulia nielewe, ningeandika shimo wangelifunga siku hiyohiyo na lisingefunguliwa tena, na hawa watoto hawana kingine, tufe letu limepotea na magongo ya kuruka viunzi yameoza. Binti mwenyewe alikubali. Na barua za mwaliko nimeshatuma.

Mama Watatu:
Alikubali?? Mtoto wa kidato cha pili atamkatalia mwalimu wake? Mwalimu hapo umemtwisha mzigo wako. Angekuwa wangu ningekuja shuleni asubuhi kabla ya kengele.

Jicho la Tatu:
Wakuu hii chai. Shule ya watoto mia mbili ina ghorofa? Ngazi za nini? Na mtu mwenye kosa kama hili anakuja kujianika mtandaoni? Kuna mtu anapima upepo hapa.

Winga Teleza:
Hata mimi nimeanza kuwaza, mbona barua zimetumwa halafu anauliza afute au asifute.

Chaki Nyeupe:
Shule nyingi zina ngazi bila ghorofa jamani, mlimani huko darasa linainuliwa.

Mwl_Riadha:
Ngazi ni tatu, za kupandia stoo ya vifaa, uwanja umeinama. Ukitaka nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu nitakuambia. Nilikuwa nimeshika futi kamba. Mita 4.61, hajawahi kufika hapo. Kisigino chake kiliacha alama ya kina cha kucha, mchanga haukusogea kabisa, na mimi nilisoma namba kwanza nikaiandika, nilipoinua kichwa ndo nikaona hajasimama. Hiyo namba ipo kwenye daftari langu kwa mwandiko wangu.

Jicho la Tatu:
Nimefuta kauli, samahani mwalimu.

Nesi wa Zamu:
Sasa nisikilize, mashindano weka pembeni kidogo. Umri huo ncha za mfupa bado zinakua na sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano zinazoushikilia, kwa hiyo kinachoonekana kuteguka kinaweza kuwa mfupa umepasuka. Aliyemhudumia aliambiwa kateleza ngazi tatu, hakuambiwa katoka mbio akatua kwenye kitu kigumu. Wiki mbili zimepita, je anakanyaga?

Mwl_Riadha:
Anachechemea. Anatembelea vidole.

Nesi wa Zamu:
Apigwe picha ya eksirei, na mama yake ajue sababu ya kweli leo.

Fundi Mchanga:
Shimo halihitaji fungu la mkuu wa shule, linahitaji majembe na watu kumi. Toeni mchanga wote sentimita 30 au zaidi, chekecheni mawe, rudisheni, mwagieni maji kabla ya kuruka halafu sawazisheni usawa wa kibao cha kurukia. Kanuni za dunia zinataka shimo lisipungue mita 2.75 upana, na kutoka kibao hadi mwisho wa shimo mita 10, maana watu wanaruka kweli, Mmarekani Mike Powell alifika mita 8.95 pale Tokyo mwaka 1991. Zege la kingoni lifunikeni matairi yaliyokatwa. Kama hamtamaliza kufikia Ijumaa, futa mruko, waache wakimbie.

Mwl_Riadha:
Nikimwambia mama yake, shimo litafungwa.

Mama Watatu:
Lifungwe basi. Mtoto mguu anao mmoja wa kila upande.

Mwl_Riadha:
Nimechukua lile daftari. Naenda kwao.

Nesi wa Zamu:
Umefika?

Mwl_Riadha:
Nipo getini. Binti mwenyewe ndo kafungua, kashika ukuta.