Fildi ya botania: Hombolo, Makutupora au maabara Morogoro?

Binti_Ihumwa
Wadau habari zenu. Nipo mwaka wa pili sayansi ya mimea hapa Dodoma, likizo ndefu inaanza Julai na nataka nifanye utafiti wa kweli, sio fildi ya kusainiwa logibuku tu. Kichwani nina TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) kituo cha Hombolo kwenye mtama na uwele, TARI Makutupora kwenye zabibu, au SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, nikajifunze maabara, PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa mashine) na mambo hayo. Moyo uko Hombolo maana nyumbani tunalima mtama na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, kinatumaliza. Mnanishaurije?

Kaka_Zuzu
Mdogo wangu angalia kalenda kwanza kabla ya jina la kituo. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, mtama ukishavunwa Julai utakuta mabua, kazi itakuwa kupura, kupima uzito wa punje na kuingiza data za wenzio kwenye Excel. Unajifunza kitu lakini mmea wenyewe hujauona ukikua. Zabibu Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka na mavuno ya pili yanaangukia Agosti Septemba, yaani Makutupora unakuta tunda linabadilika rangi, unakamua tone la juisi kwenye rifraktomita unasoma sukari, wiki ijayo unarudi mzabibu uleule unasoma tena. Hiyo data ni yako, umeikusanya mwenyewe.

Mwanamaabara
Mimi nasema Morogoro, na siku hizi treni ya SGR imerahisisha. Ila nenda na swali mkononi. Bila swali utashinda unajaza vitubu na kusubiri mashine imalize mizunguko, jioni unaona mistari kwenye jeli wala hujui inakujibu nini. Muulize supavaiza mapema sampuli zinatoka wapi na nani atakaa na wewe benchi, hilo la nani atakaa na wewe ndo kubwa kuliko mashine zote.

Mama_Mlenda
Mbona mnasahau mimea ya porini jamani! Vichaka vya Itigi huko Singida ni uoto wa aina yake, na mboga za Wagogo bado zina kazi kubwa ya kuandikwa. Shida Julai miti mingi imepukutisha majani, na herbariamu, yaani mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa, inataka ua au tunda. Kiangazi kinafaa kubandika na kutambua vilivyokusanywa masika, na lebo iwe na mahali, tarehe na jina la Kigogo kama wazee walivyolitamka, sampuli isiyo na lebo ni majani makavu tu.

Kaka_Zuzu
Sasa kuhusu kiduha, binti, hilo lako usiliache. Omba Hombolo wakuruhusu kufanya kwenye vyungu, mbegu ya Hakika inayostahimili kiduha upande mmoja na mtama wenu wa nyumbani upande mwingine, unamwagilia. Mbegu ya kiduha inataka unyevu na joto kama wiki mbili hivi, halafu ndo isubiri kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mtama, isipoipata haioti. Usiku wa Julai ni baridi hapa kwetu, tafuta sehemu yenye joto. Na huo udongo usije ukaumwaga shambani kwa mtu hata kidogo, mche mmoja unatoa mbegu maelfu kwa maelfu na zinakaa ardhini zaidi ya miaka kumi.

Mwanamaabara
Hapo nakubaliana, hiyo ya vyungu inaizidi PCR kwa mtu wa mwaka wa pili.

Binti_Ihumwa
Asanteni sana kaka zangu na mama, mmenifungua macho. Naandika barua Hombolo ya vyungu, Makutupora naiweka ya pili. Barua inapitia idara au napeleka mwenyewe?

Mama_Mlenda
Anzia idarani wakupe barua ya utambulisho, halafu ipeleke kwa mkono pamoja na ukurasa mmoja wa swali lako, vyungu vingapi unataka na nani atamwagilia wikiendi. Wahi mwanangu, wanafunzi wa fildi ni wengi.