Mjadala: Je, gongo la Negan ndilo lililoiua The Walking Dead?

Mleta mada

Wakuu, tahadhari kwanza: ambaye hajaangalia The Walking Dead na Game of Thrones aishie hapa, maana nataja waliokufa.

Kuna hoja inayorudiwa kila leo, kwamba sehemu ya kwanza ya msimu wa 7 wa The Walking Dead, tamthilia ya mazombi, iliyorushwa na chaneli ya AMC tarehe 23 Oktoba 2016, ambamo jambazi Negan anawaua watu wawili kwa gongo (rungu) lake, ilizidisha ukatili na ndiyo iliyowafukuza watazamaji. Ukiangalia tarakimu unaweza kushawishika. Usiku ule waliangalia watu milioni 17 Marekani, wiki iliyofuata wakabaki milioni 12 na ushei, na sehemu ya mwisho kabisa mwaka 2022 iliambulia milioni 2 na kidogo. Mimi napinga. Kilichowachosha watu ni kuchezewa shere juu ya kifo, na hilo lilianza mwaka mzima kabla ya gongo.

Fuatilieni mfululizo wake. Oktoba 2015, msimu wa 6, Glenn, mmoja wa wahusika wakuu, anaanguka katikati ya mazombi, tunaonyeshwa matumbo yakichanwa, na jina la mwigizaji wake, Steven Yeun, linaondolewa kwenye majina ya mwanzo. Wiki nne baadaye tunaambiwa alijificha chini ya pipa la taka, matumbo yalikuwa ya mwenzake, Nicholas. Aprili 2016 msimu unafungwa: watu 11 wamepigishwa magoti, Negan anachagua, gongo lenye seng'enge linashuka, skrini inakuwa nyeusi. Hatuambiwi nani. Tunasubiri zaidi ya miezi sita. Msimu wa 7 unapofunguka tunazungushwa kwanza na Rick, kiongozi wa kundi, kwenye gari, ndipo anauawa Abraham, kisha Glenn. Mtu yuleyule mmeshatufanya tumlilie kwa uongo, halafu mnataka tumlilie upya?

Mchangiaji wa 2

Hila nakubali, mkuu, ila usiisafishe damu kirahisi hivyo. Sehemu ile iliongozwa na Greg Nicotero, fundi mkuu wa sura za mazombi katika tamthilia hiyo, na kamera imekaa usoni kwa Glenn, jicho limetoka, bado anajaribu kumwita mkewe, Maggie. Wanaojitetea kwamba iko hivyo kwenye vitabu vya katuni vilivyozaa tamthilia hiyo wanasema kweli: toleo la 100, mwaka 2012, Charlie Adlard aliichora vilevile. Lakini katuni ile ni ya wino, nyeusi na nyeupe, na msomaji ndiye anayeamua ataitazama picha ya ukurasa kwa muda gani. Kwenye televisheni anayeamua ni mhariri.

Na wenyewe walijua. Januari 2017 Gale Anne Hurd, mmoja wa watayarishaji wakuu, alisema hadharani kwamba walipunguza makali kwenye sehemu zilizokuwa bado zinatengenezwa. Hakuna sheria iliyowalazimisha, kwa sababu masharti ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kuhusu maudhui machafu hayazigusi chaneli za kebo kama AMC.

Mchangiaji wa 3

Linganisheni na Harusi Nyekundu, mauaji ya karamuni katika tamthilia ya Game of Thrones, Juni 2013. Kila kinachotokea kilishaandaliwa kabla. Mfalme kijana Robb alimwahidi bwana Walder Frey, mwenyeji wa karamu, kuoa binti yake, akaoa mwingine. Wageni wanapewa mkate na chumvi, yaani wamekuwa wageni rasmi na damu yao ni haramu kwa mwenyeji. Kisha mlango unafungwa, wapiga muziki wanaanza wimbo wa akina Lannister, ukoo adui wa Robb, na mama yake, Catelyn, anafunua mkono wa Roose Bolton, mshirika wao, na kukuta amevaa deraya ya chuma ndani. Kufikia kisu cha kwanza mtazamaji ameshaelewa. Watu walilia, wakalaani, na msimu wa 4 ukafunguliwa na watazamaji wengi kuliko wa 3.

Mchangiaji wa 4

Umeruka kitu. Kile kisu cha tumboni kwa Talisa, mke wa Robb, akiwa mjamzito hakimo kitabuni. Kwenye riwaya ya mwaka 2000 mke wa Robb ni Jeyne Westerling, na harusini hakwenda kabisa. Kile kiliongezwa kwa ajili ya mshtuko tu.

Halafu wote mnapima kwa damu, kipimo ambacho hakitoshi. Sehemu iliyozusha hasira kubwa kuliko karibu zote ni ile ya Mei 2015, Sansa, dada wa Robb, anabakwa na Ramsay, mtoto wa Roose Bolton, usiku wa harusi yao. Damu haipo. Kamera inageukia uso wa Theon, kijana aliyelelewa na familia ya Sansa, anayelazimishwa kutazama. Kitabuni anayeolewa na Ramsay ni msichana mwingine, Jeyne Poole. Seneta Claire McCaskill wa Missouri alitangaza kwamba yeye na tamthilia hiyo basi. Kilichokera ni mateso ya mwanamke kugeuzwa nyenzo ya kuonyesha majonzi ya mwanamume aliyesimama pembeni. Hilo halipimwi kwa lita.

Mchangiaji wa 5

Niongeze la kiufundi, hasa kwa vijana wanaotengeneza filamu fupi. Zimeni sauti muitazame upya ile ya gongo, nguvu inapungua nusu. Sauti za namna hiyo mafundi huzipata kwa kupasua tikitimaji au kuvunja kabichi karibu na maikrofoni.

Damu yenyewe ni rahisi: glasi 2 za sharubati nzito ya glukosi, vijiko 2 vya chai vya rangi nyekundu ya chakula, kijiko 1 cha kakao, na matone 2 au 3 ya bluu. Wengi huiacha bluu, na chini ya taa damu inatoka ya waridi kama juisi. Ya kumwaga kwenye nguo iwekwe sabuni ya vyombo kijiko 1 ili ifulike. Itakayoingia mdomoni isiwekwe sabuni kamwe, kwa hiyo changanyeni vyombo viwili mapema na kuviandika. Damu ya zombi iongezewe kakao, kwa sababu maiti wa siku nyingi hatoi damu mbichi.

Mchangiaji wa 6

Kwa wazazi. All of Us Are Dead, tamthilia ya Korea Kusini iliyoko Netflix, inahusu wanafunzi waliofungiwa shuleni na mazombi, na sare zile huwavuta watoto. Netflix inaruhusu kuweka kikomo cha umri kwenye profaili ya mtoto au kuzuia tamthilia moja kwa jina. Wengi huishia hapo, mtoto anahamia profaili ya baba na kuangalia. Wekeni pia namba ya siri kwenye kila profaili ya mtu mzima.

Mleta mada

Wa pili, kuhusu muda wa kamera usoni kwa Glenn nimekubali. Wa nne, Sansa anaunga mkono hoja yangu kuliko anavyoipinga. Ila nauliza tena: sekunde za lile jicho zingekatwa zote, na skrini nyeusi ya Aprili ikabaki vilevile, wale milioni 5 wasingeondoka? Anayesema wasingeondoka alete hoja.