Nafasi ya mwisho ya mpokeaji: kwa nini anayedaka vizuri huachwa?

Mkazi wa Section 58, Nakuru:

Wanajukwaa, hamjambo. Nina swali kuhusu futiboli ya Marekani, na hasa kuhusu wapokeaji, yaani wale wachezaji wanaojipanga pembeni na kukimbia mbele ili kwotabeki awarushie mpira.

Kila mwaka timu 32 za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, huingia kambini zikiwa na wachezaji 90 hivi kila moja, na mwishoni mwa Agosti kila timu hutakiwa kubaki na 53. Katika hao 53, wapokeaji kwa kawaida huwa watano au sita. Watatu au wanne wa kwanza hujulikana hata kabla kambi haijafunguliwa, kwa hiyo ushindani wenyewe huwa wa nafasi moja au mbili tu, nazo hupiganiwa na kundi zima la vijana. Mimi humfuatilia zaidi yule ambaye hakuchaguliwa katika raundi zote saba za drafti, yaani shughuli ambayo timu huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, aliyetoka katika chuo kidogo, ambaye hata mtangazaji hulitamka jina lake kwa kusitasita. Mechi nyingine za kujipima nguvu huanza saa tisa usiku kwa saa zetu, nami hukesha nikimtazama akidaka kila mpira anaorushiwa. Halafu siku ya kupunguza kikosi inafika, kijana anaachwa, na anayebaki ni mwingine aliyedaka mipira michache kuliko yeye.

Je, kocha anapobakiwa na nafasi moja ya mpokeaji, hutazama nini? Sababu ya kuuliza ni kwamba mpwa wangu ni winga wa raga hapa Nakuru. Ana kasi na mikono yake ni ya kuaminika, na tangu aliposikia kuhusu mpango wa NFL wa kuwaandaa wachezaji kutoka mataifa mengine, ameamua kujitambulisha kama mpokeaji. Dada yangu ananitaka nimpe kijana ushauri, nami sipendi kumkatisha tamaa wala kumpa matumaini hewa.

Mtazamaji wa Kondele, Kisumu:

Ndugu yangu wa Nakuru, nadhani unachokitazama saa tisa usiku sicho anachokitazama kocha. Wewe unahesabu mipira iliyodakwa. Kocha anajua kwamba mpokeaji wa sita, msimu utakapoanza, huenda akamaliza mechi nzima bila kurushiwa mpira hata mmoja, na kwa hiyo swali lake ni moja: mtu huyu atanifanyia kazi gani wakati hadaki?

Jibu kwa kawaida hupatikana katika timu maalumu, yaani vikosi vinavyoingia uwanjani wakati mpira unapigwa teke, iwe ni teke la kuanzisha mchezo au lile la kuusukumia mpinzani mpira mbali pale linapofika jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho la kuusogeza mpira mbele. Mpokeaji mashuhuri hawekwi huko kwa sababu timu inaogopa aumie. Wa tano na wa sita huwekwa, nao hutakiwa kuteremka uwanjani kwa kasi yote na kumwangusha mtu aliyeushika mpira, au kumzuia adui asimfikie mwenzao anayeurudisha.

Mfano ninaoupenda ni wa Adam Thielen. Alisoma Minnesota State, chuo kilicho nje ya daraja la juu la michezo ya vyuo, na mwaka 2013 hakuna timu iliyomchagua. Minnesota Vikings walimruhusu aje ajaribiwe tu, kisha wakamweka mwaka mzima katika kikosi cha mazoezi, yaani wale wanaofanya mazoezi na timu bila kuhesabiwa katika wale 53. Mwaka 2014 aliingia katika wale 53, lakini hakuingia kwa sababu ya kudaka. Novemba mwaka huo, dhidi ya Carolina Panthers, aliuzuia mpira uliokuwa ukipigwa teke, akauokota na kukimbia nao yadi 30 hadi kufunga. Ilimbidi angoje hadi mwaka 2016 ndipo akawa mpokeaji wa kutegemewa, na mwaka 2018 akafungua msimu kwa mechi nane mfululizo akipata yadi 100 au zaidi katika kila moja. Watu wengi huisimulia hadithi yake kuanzia hapo mwishoni. Mimi naona sehemu yenye manufaa kwa mpwa wako ni ile miaka ya katikati, ambayo karibu hakuna aliyekuwa akimtazama.

Jambo la pili ni kwamba mpokeaji wa mwisho hutakiwa kujua kazi za nafasi zote. Mpokeaji nyota anaweza kucheza upande mmoja mwaka mzima. Wa sita huambiwa dakika yoyote aende kushoto, kulia au ndani karibu na safu ya mbele, na katika kila mahali njia anazopaswa kukimbia hubadilika kulingana na jinsi walinzi walivyojipanga. Akikosea njia, kwotabeki huurusha mpira mahali ambapo hakuna mtu, au mbaya zaidi, mahali alipo adui. Kosa hilo halionekani kwenye televisheni kama kosa la mpokeaji. Mtangazaji atasema kwotabeki amerusha vibaya. Kocha hatadanganyika, kwa sababu njia yenyewe ameichora yeye.

Kocha wa Raga, Kakamega:

Nawasalimu nyote. Nimewafundisha mawinga kwa miaka mingi, na ningependa mpwa wako asome maneno ya ndugu wa Kondele kwa makini, kwa maana yanampa nafuu ambayo pengine hajaiona.

Winga wa raga akienda Marekani na kusema "mimi ni mpokeaji", anajiweka katika mizani na vijana waliokimbia njia hizo tangu wakiwa na miaka kumi. Hatua za kumkwepa mlinzi anayekusimamia usoni, kugeuka kabla mpira haujaondoka mkononi mwa kwotabeki, kujua kwamba hatua ya saba ndiyo ya kukata ndani na si ya nane: hayo hayafundishiki kwa miezi michache. Katika raga tunakimbilia nafasi tunayoiona. Mpokeaji hukimbilia nafasi ambayo bado haipo, akiamini kwamba itafunguka kwa wakati uliopangwa. Kasi haitoshi kuziba pengo hilo. Louis Rees-Zammit alikuwa winga wa timu ya taifa ya Wales na mmoja wa wenye kasi kubwa katika raga ya Ulaya. Aliiacha raga mwanzoni mwa mwaka 2024, akaachwa na Kansas City Chiefs Agosti mwaka huohuo, akaingia katika kikosi cha mazoezi cha Jacksonville Jaguars, na mwaka 2025 akarudi kwenye raga bila kucheza mechi hata moja ya msimu wenyewe.

Lakini kumwangusha mtu anayekukimbilia katika uwanja ulio wazi ni kazi ambayo wapokeaji wengi wa vyuo vya Marekani hawajawahi kuifanya, nao hulazimika kujifunza wakiwa watu wazima. Kijana aliyecheza raga ya wachezaji saba, ambako ukikosea kukaba hakuna mtu nyuma yako, huifanya kila Jumamosi. Daniel Adongo, Mkenya wa kwanza kucheza NFL, alichukuliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akitoka kwenye raga, bila kuwahi kucheza futiboli ya Marekani. Wala hakufanywa mpokeaji. Aliwekwa katika ulinzi, na nafasi aliyoipata uwanjani aliipata hasa katika timu maalumu.

Kuna pia kisa cha Wes Welker, ambaye watu wa raga wangempenda. Hakuchaguliwa katika drafti ya mwaka 2004, na timu ya kwanza ilimwacha baada ya mechi moja. Miami Dolphins wakamchukua ili arudishe mipira ya mateke. Oktoba mwaka huo, dhidi ya New England Patriots, mpiga mateke wa Dolphins aliumia, na Welker akachukua kazi hiyo pia: katika mechi hiyo moja alirudisha mateke ya aina zote mbili, akafunga kwa teke, na akamwangusha mtu. Patriots waliyaona hayo kutoka upande wa pili wa uwanja. Mwaka 2007 walitoa chaguo mbili za drafti ili wampate, na baadaye akaongoza ligi nzima kwa idadi ya mipira iliyodakwa zaidi ya mara moja.

Binti wa Bungoma:

Kocha, kwa heshima zote, mnawaonyesha makocha wa NFL kama mahakimu wasioegemea upande wowote. Sikubaliani. Mchezaji aliyechaguliwa katika raundi za juu amelipwa fedha za kusaini, na fedha hizo hugawanywa kwa miaka ya mkataba katika hesabu ya kiwango cha juu cha mishahara ambacho timu hairuhusiwi kukipita. Akiachwa mapema, sehemu iliyobaki bado huhesabiwa dhidi ya timu. Isitoshe, kuna meneja aliyemchagua, ambaye hataki kusikia kwamba alikosea. Yule ambaye hakuchaguliwa amepewa fedha kidogo sana, kwa hiyo kumwacha hakumuumizi mtu. Wakilingana, anabaki mwenye gharama. Na hata akimzidi mwenzake kidogo, bado anaweza kuachwa. Asiyechaguliwa lazima azidi kwa kiasi ambacho hakuna mtu anayeweza kujifanya hakukiona.

Ndiyo maana nasema kudaka bado kuna maana. Victor Cruz hakuchaguliwa mwaka 2010. Katika mechi ya kujipima nguvu dhidi ya New York Jets alidaka mipira sita kwa yadi 145 na kufunga mara tatu, na baada ya usiku ule New York Giants hawangeweza kumficha tena. Mwaka uliofuata alipata yadi 1,536, na timu ikatwaa ubingwa. Mngemwambia Cruz ashughulike na kuangusha watu?

Ningependa pia tuache kulia kana kwamba kuachwa Agosti ni kifo. Mchezaji mchanga akiachwa, timu nyingine 31 hupewa nafasi ya kumchukua. Asipochukuliwa, timu yake yenyewe inaweza kumrudisha katika kikosi cha mazoezi, chenye watu 16. Mwaka 2024 malipo ya chini huko yalikuwa dola 12,500 kwa wiki, wakati mchezaji mpya aliye katika wale 53 alilipwa angalau dola 795,000 kwa msimu. Tofauti ni kubwa, ndiyo, lakini hiyo si njaa.

Mtazamaji wa Kondele, Kisumu:

Dada wa Bungoma, kuhusu fedha umesema kweli, na nilipaswa kuligusa mwenyewe. Kuhusu Cruz, ningeongeza mfano mmoja tu. Christian Wade, winga wa raga wa Uingereza, alikwenda Buffalo Bills kama mkimbiaji, yaani yule anayekabidhiwa mpira mkononi ili akimbie nao. Agosti 2019, mara ya kwanza kabisa kuushika mpira katika mechi ya kujipima nguvu, alikimbia yadi 65 na kufunga. Dunia nzima iliiona video ile. Hakuwahi kucheza mechi ya msimu wenyewe. Alibaki katika kikosi cha mazoezi. Cruz alikuwa amelelewa katika mchezo huo, kwa hiyo usiku mmoja mzuri ulithibitisha mambo mengine ambayo makocha walikuwa wakiyaona mazoezini. Kwa Wade, usiku ule ulisimama peke yake.

Mkazi wa Section 58, Nakuru:

Ahsanteni sana. Mmenifungua macho, ingawa nahofia kijana hatapenda kusikia kuhusu kuangusha watu, kwa kuwa katika raga ndiyo kazi anayoikwepa zaidi. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Je, aache kabisa kujiita mpokeaji? Na je, kuwa mgeni kunampunguzia au kunamwongezea nafasi?

Binti wa Bungoma:

Kwa swali la pili, kunamwongezea kidogo. Tangu mwaka 2024 kila timu kati ya zote 32 inaruhusiwa kuwa na mchezaji mmoja wa kimataifa kambini juu ya wale 90, na mmoja juu ya wale 16 wa kikosi cha mazoezi. Hamnyang'anyi Mmarekani kiti chake, kwa hiyo timu haipotezi kitu kwa kumvumilia. Lakini ruhusa hiyo haimwingizi katika wale 53. Huko atahesabiwa kama wengine.

Kocha wa Raga, Kakamega:

Kwa swali la kwanza: asiache. Fomu ya ule mpango wa NFL itamtaka ataje nafasi, na kwa mwili wa winga nafasi zinazomfaa ni chache. Aandike mpokeaji, lakini video atakayoipeleka isiwe ya kufunga peke yake. Kila winga duniani ana video ya namna hiyo. Aweke matukio ambayo amefukuzia mpira wa teke na kumfikia mdakaji kabla hajapiga hatua ya pili, na matukio ambayo amebaki peke yake nyuma na kumkaba mtu mzito kuliko yeye. Kama hana matukio hayo, basi afahamu kwamba msimu huu ndio wa kuyatafuta, na amwombe kocha wake ampange katika kufukuza mateke ya kuanzisha. Tangu NFL ilipobadilisha kanuni ya teke la kuanzisha mwaka 2024, mipira inayorudishwa imeongezeka, na watu wanaoweza kukaba katika nafasi finyu wanatafutwa kuliko hapo awali.

Jambo jingine ni la kupima. Kwetu tunampima kijana kwa mita 100 au kwa mita 40. Wao hupima yadi 40, ambazo ni mita 36.58, mchezaji akianza kutoka kusimama tuli, mkono mmoja chini, bila mlio wa bunduki. Pia huandika muda wa yadi 10 za mwanzo, karibu mita 9.14, na kwa mpokeaji huo huwaeleza mengi kuliko ule wa mwisho. Tafuteni utepe wa kupimia, muweke alama mbili kwenye nyasi pale uwanjani Nakuru, na mtu mwenye saa asimame mwishoni, si mwanzoni. Akishapata nambari zake, aniandikie hapa kabla hajamtumia mtu mwingine yeyote.