Tuzo ya kazi bora kitivo cha sheria: tupime kwa kigezo gani?

Ummu Rayyan, Fuoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nafundisha sheria hapa Unguja na mwaka huu nimo kwenye kamati ya kumchagua mhadhiri wa kupewa tuzo ya kazi bora ya kitaaluma. Yamebaki majina mawili, na tumekwama.

Mmoja ni kijana mwenye makala kadhaa za Kiingereza kuhusu sheria ya bahari, zote kwenye majarida ya nje. Nimezisoma, ni kazi nzuri. Wa pili ni bibi mtu mzima mwenye makala moja ndefu ya Kiswahili. Humo anafuata suali moja tu: mke aliyeachwa, asiye na risiti hata moja, atathibitisha vipi mbele ya kadhi kuwa nyumba ile kaijenga na yeye? Alikwenda kusoma majalada Unguja na Pemba, akakaa na makarani, akauliza.

Fomu yetu inatoa alama kwa idadi ya makala na kwa jarida lililoorodheshwa kimataifa. Kwa fomu hiyo bibi hapati kitu. Mimi moyo wangu uko kwake, sifichi, lakini nataka kigezo kitakachosimama hata mwakani wakija watu wengine. Nisaidieni.

Wakili wa Chake

Waalaykum salaam Bi Ummu Rayyan. Makala hiyo ninayo. Imetolewa fotokopi juu ya fotokopi mpaka herufi za ukingoni zimefifia, na bado wenzangu wananiazima.

Tangu Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017, kadhi anaweza kugawa mali za ndoa pale penye mchango. Ugumu wote uko kwenye kuuthibitisha. Nilipata mteja aliyekuja na daftari la skuli la mwanawe: mifuko ya saruji, tripu za mchanga, ujira wa fundi, kila mstari kaandika mwenyewe, na fundi kaweka kidole gumba chini ya ukurasa. Niliposimama kulitetea daftari lile, hoja nilizitoa kwenye kazi ya huyo bibi.

Na lingine. Kesi za kadhi hazivuki maji. Rufaa zake zinaishia Mahakama Kuu ya Zanzibar. Katiba yetu haizipeleki Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mwanazuoni wa Dar es Salaam hana sababu ya kuziandikia, wa London ndiyo kabisa. Asipoziandika mtu wa hapa, basi.

Hamad M.

Naheshimu aliyosema wakili, lakini tusiitupe fomu. Visiwa hivi ni vidogo, sote tunajuana: huyu kakusomesha, yule kamuoa binamu yako. Alama za makala zina kasoro, ila angalau haziulizi wewe mtoto wa nani. Mkisema "kazi yenye manufaa kwa jamii", kesho manufaa yatakuwa ya yule anayependwa na mkuu wa kitivo. Yule kijana kapeleka kazi yake kwa watu wasiomjua, wakaikubali. Hilo si dogo.

Maalim S. (mstaafu)

Mwanangu Hamad, hofu yako ni ya kweli, nimeyaona hayo kwa miaka mingi. Lakini jina la jarida si dawa yake. Chukua Marekani, ambako majarida makubwa ya sheria yanahaririwa na wanafunzi. La Harvard wanafunzi wameliendesha tangu 1887, na ni wao wanaochagua makala ipi itoke. Wanasayansi nao, katika Azimio la San Francisco la 2012, walitaka mtafiti asipimwe kwa jarida alimochapisha, isomwe kazi yenyewe.

Hapa kwetu marehemu Profesa Haroub Othman alikuwa miongoni mwa waasisi wa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar mwaka 1992. Watu wangapi wamejua haki zao kupitia mlango ule? Fomu yenu ingempa alama ngapi kwa hilo?

Bi Ummu Rayyan, fanyeni hivi. Kila mgombea alete kazi moja tu, aliyoichagua mwenyewe, kwa lugha yoyote inayosomeka mahakamani kwetu. Isomwe na watu wawili wasiokuwa wa kitivo chenu: mmoja mwanazuoni kutoka nje ya Zanzibar, wa pili kadhi, jaji au wakili wa fani ile. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja na kuutia saini: kazi hii imeongeza nini, na imepungukiwa wapi. Kurasa hizo zibandikwe ubaoni pamoja na jina la mshindi. Anayetaka kumpendelea jamaa yake, aandike sababu zake watu wote wazisome.

Ummu Rayyan, Fuoni

Maalim, Mungu akuweke. Hilo la kubandika ubaoni nitalipeleka kikaoni Jumatano, na Hamad, hoja yako ya kujuana ndiyo nitakayoanza nayo. Ila msomaji wa fani ya ndoa na talaka bado hatuna, na najua wewe Maalim ulikaa mahakamani kabla ya kusomesha. Nikuletee makala ya bibi?

Maalim S. (mstaafu)

Lete. Na ya bahari vilevile. Siwezi kusema moja ni bora kama ya pili sijaifungua.